Nani Aseme Tumeshambuliwa? NATO Mbele ya Droni, Nanga na Kompyuta

Mheshimiwa Mwenyekiti, walimu wangu, maofisa wa jeshi mliokaa safu za mbele, na nyinyi wanafunzi mliosimama huko nyuma kwa kukosa viti: itifaki imezingatiwa.

Nimeombwa nizungumzie namna miungano ya kijeshi inavyojirekebisha ili iendane na vita vya sasa na teknolojia mpya. Mada ni pana mno, mtu anaweza kuanzia upinde na mshale tukakesha. Kwa hiyo nitashika muungano mmoja, NATO, wa nchi za Ulaya na Amerika Kaskazini. Ndio mkubwa kuliko yote, mambo yake mengi yameandikwa hadharani, na tangu Februari 2022, Urusi ilipoivamia Ukraine, umekuwa darasani hata pale usipotaka kusoma. Mwishoni nitarudi kwetu, maana sisi nasi tunao mkataba wa ulinzi wa pamoja. Ulisainiwa hapa hapa Dar es Salaam, na nina wasiwasi kwamba wengi humu ndani hamjawahi kuusoma.

Najua wapo ambao wakisikia jina NATO wanaiona Libya iliyopigwa mabomu mwaka 2011. Nami naikumbuka. Leo sikuja kuitetea NATO wala kuilaani. Nataka tutazame namna inavyofikia uamuzi, na mahali inapokwama.

Tukisikia teknolojia mpya ya vita, akili yetu hukimbilia kwenye silaha: droni, makombora, akili mnemba. Mimi nasema kitu cha kwanza kinachopigwa na teknolojia hii ni makubaliano. Muungano wa kijeshi ni ahadi tu, kwamba akipigwa mmoja tumepigwa wote. Ahadi hiyo imesimama juu ya jambo ambalo mwaka 1949 hakuna aliyelitilia shaka: kwamba nchi ikipigwa itajua imepigwa, na itajua nani kaipiga. Siku hizi hilo halina uhakika tena, na adui mwenye akili hahitaji kuishinda NATO vitani. Anahitaji tu kuiacha inabishana.

Tuanze na karatasi yenyewe. Mkataba wa NATO ulisainiwa Washington tarehe 4 Aprili 1949 na nchi 12. Leo wanachama ni 32. Finland iliingia 2023 na Sweden 2024, zote mbili baada ya kuona yaliyoikuta Ukraine. Ibara ya 5 inasema shambulio la silaha dhidi ya mwanachama mmoja, Ulaya au Amerika Kaskazini, litahesabiwa kuwa shambulio dhidi ya wote. Wengi hufunga kitabu hapo. Someni mstari unaofuata: kila mwanachama atamsaidia aliyeshambuliwa kwa kuchukua hatua ambayo yeye mwenyewe ataona ni ya lazima. Anaweza kupeleka divisheni za vifaru. Anaweza kupeleka mahema na madaktari, na bado hajavunja mkataba. Halafu NATO haipigi kura. Jambo huzungumzwa mpaka asibaki wa kupinga, iwe ni Marekani au Luxembourg.

Katika zama za vifaru utaratibu huo ulitosha. Vifaru elfu kumi vikivuka mpaka wa Ujerumani Magharibi, hakuna atakayehitaji kamati ya kumweleza kuwa hiyo ni vita.

Cha ajabu ni kwamba ibara hiyo ilipokuja kutumika, mara moja tu hadi leo, hapakuwa na kifaru hata kimoja. Ilikuwa tarehe 12 Septemba 2001, siku moja baada ya watu 19 kuteka ndege nne nchini Marekani. Mkataba uliotungwa ili Marekani iiokoe Ulaya ukatumika kuileta Ulaya iilinde Marekani: ndege za rada za AWACS zikaondoka kituo chao cha Geilenkirchen, Ujerumani, zikavuka Atlantiki, zikawa zinalinda anga ya Marekani kuanzia Oktoba mwaka huo hadi Mei 2002. Siku ile hakuna aliyebishana kama Marekani imeshambuliwa au la. Dunia nzima ilikuwa imeona kwenye televisheni.

Sasa twende Tallinn, mji mkuu wa Estonia, Aprili 2007. Serikali iliihamisha sanamu ya askari wa Kisovieti kutoka katikati ya mji na kuipeleka kwenye makaburi ya kijeshi. Vurugu zikazuka mitaani. Kisha kwa muda wa wiki tatu hivi, tovuti za serikali, za benki na za magazeti zikawa zinafurikiwa na maombi ya uongo kutoka kompyuta zilizotapakaa duniani, mpaka zikazidiwa na kuzimika. Nchi yenyewe ilikuwa tayari imehamishia shughuli zake nyingi mtandaoni, kwa hiyo pigo lilifika jikoni na dukani. Lakini hakuna jengo lililoanguka. Waziri wa Ulinzi wa wakati huo, Jaak Aaviksoo, alilazimika kukiri hadharani kwamba NATO bado haiyahesabu mashambulizi ya mtandao kuwa ni kitendo cha kijeshi, na kwamba Ibara ya 5 haiwezi kuitwa hivi hivi.

Fikirieni nafasi ya waziri yule. Ni mwanachama halali, michango analipa, askari wake wako Afghanistan na wenzao. Nchi inapigwa kila siku, na hawezi kulitamka neno lile ambalo aliingia kwenye muungano ili siku moja aweze kulitamka.

Mwaka uliofuata kituo cha utaalamu wa ulinzi wa mtandao kikaanzishwa Tallinn kwenyewe. Mwaka 2014, katika mkutano wa wakuu huko Wales, ndipo walipoandika kwamba shambulio la mtandao linaweza kufikia kiwango cha kuiamsha Ibara ya 5. Warsaw, 2016, wakautangaza mtandao kuwa uwanja wa operesheni sawa na nchi kavu, bahari na anga, na 2019 wakaongeza anga za juu zenye setilaiti. Kutoka Tallinn hadi Wales ni miaka saba ya kuandika sentensi moja, na sentensi yenyewe haisemi kiwango hicho ni kipi. Hawakusahau. Waliacha makusudi, ili adui asijue mstari umechorwa wapi akaja kusimama hatua moja nyuma yake. Ni busara, sikatai. Shida ni kwamba wao wenyewe pia hawaujui.

Tukaja kuliona hilo alfajiri ya tarehe 24 Februari 2022. Saa moja hivi kabla majeshi ya Urusi hayajavuka mpaka wa Ukraine, modemu za mtandao wa setilaiti wa KA-SAT, wa kampuni ya Viasat, zilianza kufa kwa maelfu. Aliyelengwa ni mawasiliano ya Ukraine. Ila programu ile ya uharibifu haikuuliza mpaka uko wapi: nchini Ujerumani mitambo 5,800 ya umeme wa upepo ikakatika mawasiliano na wasimamizi wake. Mapanga yaliendelea kuzunguka, lakini aliyekuwa ofisini hakuweza kuiona mitambo hiyo wala kuiongoza. Ujerumani ni mwanachama wa NATO. Ilishambuliwa au haikushambuliwa? Mei mwaka huo Umoja wa Ulaya, Uingereza na Marekani zikaitaja Urusi kwa jina. Yakaishia hapo.

Baharini nako ni vilevile. Sikukuu ya Krismasi ya 2024, kebo ya umeme ya Estlink 2 inayounganisha Finland na Estonia ilikatika, pamoja na nyaya kadhaa za mawasiliano. Finland haikungoja kikao. Polisi na walinzi wake wa mpaka wakashuka kwa helikopta juu ya meli ya mafuta Eagle S, wakaielekeza kwenye maji yao. Kwenye sakafu ya bahari ukakutwa mburuzo wa nanga wa karibu kilomita 90. Nahodha na maofisa wake wakakana, wakasema ni ajali. Oktoba 2025 mahakama ya Helsinki ikatamka kwamba haina mamlaka ya kuisikiliza kesi, kwa kuwa tukio lilitokea nje ya maji ya nchi. Wakati huo NATO ilikuwa tayari, tangu Januari 2025, imeanzisha operesheni ya Baltic Sentry, yenye meli za kivita, ndege za doria na droni ndogo za majini. Meli za kivita zinaweza kumwona anayeburuta nanga. Zikishamwona, zimfanye nini? Bahari kuu ina sheria zake, na nanga si bunduki.

Hapa naomba nichepuke kidogo, kwa sababu jambo hili lina mkia unaofika kwetu. Februari 2024 meli ya mizigo Rubymar ilipigwa kombora na Wahouthi karibu na Bahari ya Shamu, ikaachwa ikielea, na nanga yake inadhaniwa ndiyo iliyokata mikongo kadhaa ya intaneti, ukiwemo Seacom unaotuhudumia Afrika Mashariki. Mwezi Mei mwaka huo huo, mikongo ya EASSy na Seacom ikakatika upande wa kusini, kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na nyote mnaikumbuka Jumapili ile ambayo simu zilikuwa mkononi na hazina kazi. Sisemi ile ya Mei ilikuwa hujuma. Nauliza tu: ingekuwa hujuma, ni ofisi gani ya ukanda huu ingetakiwa kusema hivyo, na nani mwingine angelazimika kuamka?

Turudi Ulaya, maana sijafika kwenye usiku ambao kwangu unaeleza mambo kuliko mingine yote. Ni usiku wa tarehe 9 kuamkia 10 Septemba 2025. Droni karibu 20 za Urusi ziliingia anga ya Poland. Ndege za kivita, F-16 za Poland na F-35 za Uholanzi, zikapaa. Ndege ya rada ya Italia ikawa juu, ndege ya muungano ya kujazia wenzake mafuta angani ikawa juu, na mitambo ya Patriot ya Ujerumani, ya kutungulia ndege na makombora, ikawekwa katika tahadhari. Viwanja vya ndege kadhaa vikafungwa, pamoja na Chopin cha Warsaw. Baadhi ya droni zikatunguliwa. Kwa mujibu wa makao makuu ya kijeshi ya NATO, ilikuwa mara ya kwanza ndege za muungano kupambana na tishio ndani ya anga ya mwanachama.

Kwa upande wa utendaji, ule ulikuwa usiku mzuri. Mholanzi, Mpolandi, Mwitaliano na Mjerumani wamesikilizana usiku wa manane kwa lugha moja ya redio na picha moja ya rada. Hilo halitokei kwa bahati. Ni miaka 70 ya mazoezi na vitabu vya viwango. Wanaosema NATO ni jina tu waukumbuke usiku huo.

Asubuhi wanavijiji wakaanza kuokota mabaki mashambani. Mengi yalikuwa ya droni aina ya Gerbera. Ukiishika utashangaa: plaiwudi na povu gumu, lile jeupe linalozungushiwa televisheni mpya ndani ya boksi, na injini ndogo ya kuzungusha propela kwa nyuma. Mara nyingi haibebi bomu kabisa. Kazi yake ni kuonekana kwenye rada, ili ipigwe, ili aliyeipiga amalize makombora. Ndicho kitu kilichoamsha F-35.

Kisha ukaja mjadala. Poland ikaitisha mashauriano chini ya Ibara ya 4, ambayo ni ya kuketi na kuzungumza. Urusi ikasema haikuwa na mpango wa kupiga chochote Poland. Belarus ikasema droni zilipotea njia kwa sababu mawimbi yao yalivurugwa. Rais Trump akasema huenda lilikuwa kosa. Waziri Mkuu wa Poland, Donald Tusk, akamjibu hadharani kwamba halikuwa kosa, na kwamba wao wanajua.

Hapo ndipo ninapotaka msimame. Mabaki ni yale yale, rada zilikuwa zinaangalia zote, marubani walishazitungua kwa macho yao, na bado viongozi wa nchi mbili za muungano mmoja hawakukubaliana kuhusu kitu kidogo kuliko vyote: je, ilikusudiwa? Droni haina rubani wa kukamatwa na kuulizwa. Kuvuruga mawimbi ya GPS kunampa kila mtu kisingizio kilicho tayari. Kwa plaiwudi na povu, mtu ameupima muungano wenye makombora ya nyuklia na kupata majibu aliyoyataka bila kufyatua risasi moja. Tarehe 12 Septemba NATO ilitangaza operesheni mpya, Eastern Sentry, ya kuimarisha ulinzi wa upande wa mashariki. Ndege zaidi, rada zaidi. Lakini lile swali la Trump na Tusk halijibiwi na rada.

Hesabu ya fedha nayo mnaijua, sitaikawilia. Kombora moja la Patriot la aina ya PAC-3 ni kama dola milioni 4. Droni ya Shahed, ambayo Warusi wanaiita Geran, hukadiriwa kati ya dola 20,000 na 50,000. Hata uwe tajiri kiasi gani, mchezo huo ukichezwa kila usiku unafilisika. Ndiyo maana siku chache baada ya usiku ule Poland na Ukraine zikasaini makubaliano ya kufundishana vita vya droni. Angalieni kinyume kilichopo hapo: mwalimu si mwanachama. Mwanachama mwenye F-16 na F-35 za kuagizwa anakwenda kufundishwa na nchi ambayo muungano umeikalisha nje ya mlango tangu mkutano wa Bucharest wa 2008, ulipoiahidi kuwa siku moja itaingia. Februari 2025 NATO ilikuwa tayari imefungua mjini Bydgoszcz, Poland, kituo cha pamoja na Ukraine cha kuchambua vita na kufundishana. Ni kituo cha kwanza cha namna hiyo, na mimi naona ni hatua ya maana kuliko maazimio mengi yaliyosainiwa kwenye mikutano mikubwa.

Kwa nini? Kwa sababu ya kasi. Kwenye uwanja wa vita wa Ukraine, fundi wa droni akibadilisha masafa ya redio leo, baada ya wiki chache mwenzake wa upande wa pili ameshapata mtambo wa kuyavuruga. Ilipofika 2024 wakaanza kurusha droni zisizotumia redio kabisa: nyuma yake imefungwa bobini yenye kilomita kumi au zaidi za uzi mwembamba wa kioo, droni inaruka huku ikiuachia uzi, na picha na amri zinapita humo humo. Hakuna wimbi la kuvuruga. Jua likitoka unaona mashamba na matawi ya miti yametandwa na nyuzi zinazong'aa. Hakuna aliyepanga hayo kwenye mpango wa miaka kumi. Yametoka kwenye karakana, kwa watu wanaopigiana simu na askari walioko kwenye handaki.

Muungano wa nchi 32 unanunuaje vitu kwa kasi hiyo? Kusema kweli, kwa shida. Wameanzisha DIANA, mpango wa kulea kampuni changa zenye ubunifu wa kijeshi, na mfuko wa uwekezaji wa euro bilioni 1. Juni 2025 mjini The Hague waliahidi kufikisha matumizi ya asilimia 5 ya pato la taifa ifikapo 2035, yaani 3.5 kwa ulinzi wenyewe na 1.5 kwa mambo yanayohusiana nao, kama barabara, madaraja na usalama wa mtandao. Fedha ni nyingi. Nina shaka kama fedha ndiyo iliyokuwa shida.

Chukueni risasi ya mzinga wa milimita 155. Si teknolojia mpya. Ni chuma, baruti na fyuzi. Kama kuna kitu NATO ilipaswa kuwa imeshakimaliza, ni kiwango cha pamoja cha risasi hiyo, na kwenye karatasi kipo. Vita vya Ukraine vikaja. Februari 2023 Katibu Mkuu Jens Stoltenberg akasema wazi kwamba Ukraine inatumia risasi kwa kasi inayopita uzalishaji wa wanachama mara nyingi. Umoja wa Ulaya ukaahidi risasi milioni moja ndani ya mwaka. Muda ulipokwisha, Machi 2024, zilikuwa zimefika kama nusu. Hilo mlilisoma magazetini. Ambalo huenda hamkulisoma ni maneno ya Admirali Rob Bauer, aliyekuwa mwenyekiti wa Kamati ya Kijeshi ya NATO, mwaka 2023: kwamba kiwango cha 155 kipo, lakini nchi 14 zimejiwekea haki ya kwenda tofauti nacho. Yaani mpiga mzinga wa Ukraine amepewa mizinga kutoka nchi kadhaa na risasi kutoka nchi kadhaa, zote zimeandikwa 155, na inambidi ajifunze mwenyewe ipi inakubali wapi na inaangukia umbali gani. Kila nchi ina kiwanda chake, kiwanda kina wafanyakazi, wafanyakazi ni wapiga kura. Kama chuma na baruti vinawashinda kukubaliana, tafakarini programu za kompyuta.

Kwenye programu swali linakuwa la kuaminiana. Uturuki ilinunua mtambo wa kutungulia ndege wa S-400 kutoka Urusi. Ulipowasili Julai 2019, Marekani ikaitoa Uturuki kwenye mradi wa F-35. Hoja ilikuwa kwamba mtambo wa Mrusi ukikaa jirani na ndege ile utajifunza siri zake. Uturuki bado ni mwanachama kamili, na jeshi lake ni la pili kwa ukubwa kwenye muungano. Mwaka 2025 NATO ilinunua mfumo wa akili mnemba wa kampuni ya Kimarekani ya Palantir, wa kukusanya taarifa za uwanja wa vita na kuwapa makamanda picha moja. Walijisifu kwamba manunuzi yalichukua miezi sita tu, na kwa muungano huo kweli ni mwendo wa duma. Lakini Mjerumani na Mfaransa wanajiuliza jambo ambalo Waukraine walishajiuliza kuhusu Starlink, intaneti ya setilaiti ya kampuni ya Elon Musk: siku mwenye kampuni, au rais wa nchi ya mwenye kampuni, akiamka na mawazo mengine, picha itaendelea kuonekana? Zamani mwanachama alikuazima kifaru, ukabaki nacho hata mkigombana. Programu anaweza kukuzimia akiwa amekaa kwake.

Sasa nije nyumbani, nikijua muda unanitupa mkono.

Tarehe 26 Agosti 2003, katika jiji hili, wakuu wa SADC, Jumuiya ya Maendeleo ya Kusini mwa Afrika, walisaini Mkataba wa Ulinzi wa Pamoja. Ibara ya 6 inasema shambulio la silaha dhidi ya nchi mwanachama litahesabiwa kuwa tishio kwa amani na usalama wa kanda, na litakabiliwa mara moja kwa hatua ya pamoja. Ukiilinganisha na Ibara ya 5 ya NATO, yetu kwa maneno ni kali zaidi. Na si karatasi ya kabatini: ndiyo iliyotajwa SADC ilipopeleka kikosi chake cha SAMIDRC mashariki mwa Kongo, Desemba 2023, kikiwa na askari wa Afrika Kusini, Tanzania na Malawi.

Nchi hizo tatu zilikuwa zimewahi kwenda huko. Mwaka 2013, chini ya bendera ya Umoja wa Mataifa, Brigedi ya Uingiliaji ikiongozwa kwanza na Brigedia Jenerali wetu James Mwakibolwa ilisaidia jeshi la Kongo kuwashinda waasi wa M23. Helikopta za kivita za Rooivalk za Afrika Kusini zilikuwa angani. Mwezi mmoja baadaye, tarehe 3 Desemba 2013, Umoja wa Mataifa ukarusha Goma droni zake za kwanza kabisa, Falco za Kiitaliano zisizo na silaha. Mei 2014 mojawapo iliona boti iliyopinduka Ziwa Kivu na watu wakaokolewa. Wakati ule upande wa walinda amani ndio uliokuwa na jicho angani, na mwenzao hakuwa nalo.

Miaka kumi na moja baadaye mambo yamegeuka. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa walikuwa wameshaandika mapema: M23 inaungwa mkono na jeshi la Rwanda, madai ambayo Kigali inayakana, kuna silaha za kisasa, mawimbi ya GPS yanavurugwa hata kwa ndege za misaada. Kikosi cha SADC hakikuwa na Rooivalk safari hii. Mwishoni mwa Januari 2025 Goma ilianguka na uwanja wa ndege ukafungwa. Afrika Kusini ilipoteza askari 14, na Tanzania na Malawi nazo zilizika vijana wao. Tarehe 13 Machi wakuu wa SADC wakaifunga misheni. Njia ya kutoka ikawa ya barabara, kupitia Rwanda, hadi Chato, Tanzania.

Yametajwa mengi kuhusu vifaa, na ni kweli vilipungua. Ila mimi naliona lile lile la Tallinn na Poland. Kongo ni mwanachama wa SADC na pia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Rwanda imo kwenye Jumuiya. Kikosi cha Jumuiya kilikwenda Kongo Novemba 2022, kikaondolewa Desemba 2023 kwa sababu Kinshasa iliona hakipigani. Kikaja cha SADC. Miungano miwili, eneo moja, na hakuna meza hata moja ambayo wote waliketi wakakubaliana nani amemshambulia nani. Tanzania imo kwenye yote miwili, kwa hiyo hatuwezi kujifanya ni mambo ya jirani.

Halafu huo ni uvamizi wa watu wenye bunduki, unaoonekana kwa macho. Mkataba wa 2003 unaeleza shambulio la silaha kuwa ni matumizi ya nguvu za kijeshi. Droni isiyo na alama ikivuka mto Ruvuma, mpakani na Msumbiji, usiku, ni nguvu za kijeshi? Seva za bandari zikifungwa na programu ya kudai fidia wiki ile ile ambayo askari wetu wako vitani nje, ni nguvu za kijeshi? Mkongo ukikatwa na meli iliyosajiliwa bara jingine? NATO ilihitaji miaka saba kujibu swali moja kati ya hayo, tena nusu nusu, ikiwa na makao makuu, majenerali na wanasheria wa kumwaga.

Ningependa tuanze sasa, na kwa mambo madogo. Kwanza ijulikane ni ofisi gani inakusanya ushahidi: mabaki ya droni, kumbukumbu za seva, mwenendo wa meli. Kisha ushahidi huo uwe unasomwa na wataalamu wa nchi zote kwa pamoja, kabla wakuu hawajaitwa, ili wakikaa wabishane kuhusu la kufanya na si kuhusu kilichotokea. Wanafunzi wa sheria mliomo humu mnaweza kuandika rasimu ya kurasa mbili kabla ya mhula kwisha. Mkutano wa kawaida wa wakuu wa SADC hukaa kila Agosti, na wapo maofisa safu za mbele wanaojua mlango wa kuipitishia. Mkiileta nitaisoma.

Mheshimiwa Mwenyekiti, nakurudishia kipaza sauti. Nimeona mkono wa ofisa mmoja tangu nilipotaja Goma, hata kabla sijamaliza. Naomba aanze yeye.